Ukipiga Mwayo, Inua Mkono

Mimi nikiogopa nakasirika. Sijui tabia hiyo niliitoa wapi, lakini nimeishi nayo miaka hamsini na mmoja na sasa tumezoeana. Nyoka akipita uani kwangu, nitamgombeza nyoka, nitamgombeza aliyeacha majani yakarefuka, kisha nitamgombeza mume wangu ambaye saa hiyo yuko kazini na hajui lolote. Ndiyo maana nimedumu kwenye kazi ya kupokea simu za zimamoto. Mtu akipiga akilia kwamba nyumba inaungua, mimi namkaripia kama mwanangu wa kumzaa: toka nje, achana na hiyo televisheni, nimesema toka. Na watu hutoka. Baadaye hunishukuru, wengine huku wamenuna.

Nimeanza na mimi ili mumwelewe mwenzangu, maana habari hii ni yake. Alikuja kukalia meza ya pili baada ya mzee wa meza hiyo kustaafu. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole, na viatu vyake havikuwa na kelele. Aliletwa kwa majaribio ya miezi sita. Chumba chetu hakina makuu: meza mbili, simu mbili, ramani ya mji iliyojaa pini, na dirisha kubwa la kioo linalotazama chini kwenye banda la magari. Pale chini utaona buti za wazima moto zimesimama ndani ya suruali zao, zimekunjwa tayari, mtu achomeke miguu tu na kupandisha. Mji mzima ukiwaka moto, unalia kwetu.

Simu yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya ghala la rangi. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, kama ilivyo desturi kwa mgeni. Mpigaji alikuwa anapiga kelele mpaka spika zinakwaruza. Mwenzangu akasikiliza, akavuta pumzi, akafungua mdomo wake wote na kupiga mwayo. Si kamwayo ka kuficha kwa kiganja, ni mwayo wa mtu aliyelima shamba kutwa, machozi yakamlenga. Nilishika stepla nimrushie. Kilichonizuia ni mkono wake wa kulia, kwa sababu ulikuwa tayari unaandika: wapi, nini kinaungua, nani yuko ndani. Sauti yake ilitoka tulivu kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni. Alijaza visanduku vitatu vya fomu, akabonyeza kengele, na hapakuwa na herufi ya kufuta.

Simu iliyofuata ilikuwa ya bwana mmoja anayeuliza kama sisi ndio tunaokata maji. Mwayo hakuna. Iliyofuata ilikuwa ya gari lililopinduka na watu ndani. Mwayo, tena mrefu zaidi ya ule wa kwanza.

"We dada," nikamwambia tulipopata nafasi, "usiku hulali?"

"Nalala vizuri tu," akasema. "Mimi nikiogopa napiga miayo. Tangu mdogo. Nisamehe, siwezi kuuzuia. Nikiubana unarudi na mwenzake."

Nikamcheka, kisha nikamwonea huruma, kwa sababu alianza kunihesabia jinsi mwayo ulivyomponza. Alikuwa mwalimu, akapiga mwayo mbele ya mkaguzi, akaandikiwa kwamba hana moyo na kazi. Akaenda kaunta ya posta, akapiga mwayo meneja akimfokea, akafungishwa virago. Siku ya harusi yake, alipoulizwa kama amekubali, alipiga mwayo kwanza ndipo akajibu. Ukumbi mzima ulinyamaza.

"Mume wangu peke yake ndiye aliyecheka," akasema. "Nikajua nimepata mtu."

Ila lililomuuma lilikuwa jingine. Miaka mitano nyuma alimzika mama yake. Dada zake walilia mpaka wakashikwa mabega, yeye akasimama pembeni ya kaburi akipiga miayo, mmoja baada ya mwingine. Shangazi yake, aliyemlea miaka yote minne ya sekondari, alimpenda marehemu, wifi yake, kama pacha. Alimtazama mtoto wa kaka yake akipiga miayo, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Mwenzangu alimpelekea salamu, zikarudi. Akaenda mlangoni, akaambiwa kwamba shangazi amelala, saa nne asubuhi.

Wiki ile ile alikuja mwuguzi kutupa somo la huduma ya kwanza, nami nikamuuliza mbele ya watu wote, maana mimi aibu niliiacha ujanani. Mwuguzi hakushangaa hata kidogo. Alisema ubongo wa kila mtu una namna yake ya kupokea mshtuko. Kengele ni ile ile, ila mmoja inamwendea tumboni, mwingine miguuni, mwingine inamfungia ulimi, mwingine inamfutia kumbukumbu. Wengine hupiga miayo, hata wanajeshi kabla ya kuruka kutoka kwenye ndege, na wataalamu wenyewe bado wanabishana sababu ni nini.

"Hiyo ya tumboni ni mimi," Dereva akasema kutoka nyuma. Hatukuhitaji kuambiwa. Dereva wetu wa gari kubwa ni mtu wa miraba minne, ameingia kwenye moshi mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake, na hakuna king'ora kilichowahi kulia bila yeye kupitia chooni kwanza. Mkuu wa kituo naye akishikwa na presha hupanga kalamu zake mezani kwa urefu. Hilo hatukulitaja, maana alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Tangu siku hiyo tukamwita Miayo, naye akaitika.

Sasa Dereva ni mtu wa kuchunguza. Kutoka chini alikuwa anamwona Miayo kupitia kile kioo, na baada ya wiki chache akagundua jambo. Kwa utaratibu wetu kengele haibonyezwi mpaka visanduku vitatu vijae, na hapo panakula karibu dakika nzima, maana mtu aliyechanganyikiwa ukimuuliza anaishi wapi atakutajia rangi ya geti. Lakini mwayo ulikuja mara tu Miayo anaposikia sauti ya mpigaji. Na haukuwahi kukosea. Simu ya mzaha, hakuna mwayo. Takataka zinafuka nyuma ya duka, hakuna mwayo. Mwayo ukija, kuna mtu ana shida kweli. Basi Dereva akaanza kuvaa buti kwa mwayo. Akimwona tu Miayo amefungua mdomo, anakimbilia chooni, anarudi, anachomeka miguu, na kengele inapolia yeye yuko kwenye usukani. Wenzake wakaiga. Muda wa kutoka getini ukashuka kwa karibu nusu.

Mkuu aliuona huo muda kwenye takwimu, akafurahi sana, akabandika karatasi ukutani yenye kichwa kirefu kuhusu matunda ya uongozi bora. Tukaisoma kwa heshima, na hakuna aliyesema neno.

Mambo yaliharibika siku moja tu. Mtoto wa Miayo alikuwa anaota meno, akamkesheza mama yake, na mchana wake, jua kali, hakuna simu, Miayo akapiga mwayo wa usingizi. Nilisikia kishindo cha mlango wa choo. Kabla sijasimama, gari kubwa lilikuwa getini, king'ora kinalia, watu sita juu wameshajifunga mikanda, wanatutazama kupitia kioo wakisubiri waambiwe kuna moto wapi. Muuza magazeti wa nje ya geti akachukua magazeti yake na kukimbia. Nikafungua dirisha na kuwatukana wote kwa majina ya baba zao. Jioni yake tukaweka sheria: Miayo akipiga mwayo wa usingizi, anainua mkono. Ukipigwa bila mkono, vaeni.

Mwezi wa tano wa majaribio yake, asubuhi ya saa nne, simu ya meza ya pili ikalia. Mimi nilikuwa na yangu, mama ambaye paka wake yuko juu ya nguzo, kwa hiyo sikusikia maneno. Nilimwona Miayo tu. Alipiga mwayo mmoja, akapiga wa pili juu yake, na wa tatu. Sijawahi kumwona akipiga mitatu. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu wa zimamoto anayekifanya: akabonyeza kengele kabla hajauliza swali hata moja. Akaandika mwenyewe kisanduku cha kwanza bila kuambiwa. Akazungumza chini chini, sentensi fupi fupi, mpaka gari likafika kule na simu ikakatwa.

Akavua spika za masikioni, akaziweka mezani kwa upole kana kwamba zitavunjika.

"Dada," akasema, "yule alikuwa shangazi yangu."

Nikamgombeza kwa kutoniambia mapema, nikamgombeza shangazi mtu kwa kuacha gesi wazi, na nikamchemshia chai. Dereva aliporudi alisema ni pazia na kabati, mama mzima, moshi tu umemkalisha kwenye kiti uani. Miayo alikunywa ile chai yote, halafu akaosha kikombe changu na chake.

Tulitegemea shukrani. Siku ya tisa ikaja barua. Mwandiko wa wino, umenyooka: kwamba nyumba ya mwandishi ikiungua, mtumishi wa zimamoto alimpigia miayo masikioni, si mara moja, mara tatu, na kwamba mwandishi anamjua mtumishi huyo kwa huo mwayo wake na anamjua moyo wake, na mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa uhai wa watu. Mkuu akaisoma, akapanga kalamu zake, akazipanga tena. Sheria ya majaribio haina huruma: lalamiko moja la nidhamu likithibitishwa, unarudi nyumbani. Akaitisha kikao Ijumaa.

Alhamisi jioni tukiwa tunakabidhi zamu, Miayo hakuinuka kitini.

"Kule kote nilikofukuzwa sikulia," akasema. "Lakini hapa, dada, ndipo mahali pekee ambapo mwayo wangu umewahi kumsaidia mtu. Wakinitoa hapa, sina pa kuupeleka."

Mimi nikakasirika.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Mkuu. Shangazi alikuja na mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua, akaketi wima, mkoba juu ya magoti, mikono miwili juu ya mkoba. Alikuwa mama mrefu, mwenye uso ambao ukimwona sokoni utampisha. Mimi nilikuwepo kama shahidi wa meza ya kwanza. Dereva hakualikwa ila alikuwepo, amesimama mlangoni, upande wa kuelekea chooni.

"Shikamoo, shangazi," Miayo akasema.

Shangazi akatazama ukuta. Na Miayo, maskini, akapiga mwayo. Akaubana, ukarudi na mwenzake kama alivyoniambia.

"Mmeona wenyewe," Shangazi akamwambia Mkuu. "Sina la kuongeza."

"Mimi ninalo," nikasema, nikasimama, na hapo nilisema mengi ambayo Mkuu aliomba yasiandikwe. Aliniketisha. Ndipo Dereva akakohoa kule mlangoni.

"Mkuu, ile karatasi yako ukutani," akasema. "Ule muda mzuri. Ni mwayo wake."

"Mwayo wake umefanya nini?"

"Ndio tunaouvalia buti, Mkuu. Kengele tunaisikia tukiwa ndani ya gari tayari." Akamgeukia Shangazi. "Mama, siku ile alipopiga wa kwanza nilishika njia ya chooni kama kawaida, kabla hujamaliza kusema haloo. Alipopiga wa pili niliacha kwenda chooni, nikachomeka mguu kwenye suruali. Mimi, kuacha kwenda chooni. Muulize mtu yeyote hapa."

Hakuna aliyecheka, ingawa kwa siku nyingine tungecheka. Mkuu alizitazama kalamu zake bila kuzigusa. Kisha, na kwa hili nitamheshimu mpaka nistaafu, alisema simu zote hurekodiwa na kwamba kabla hajaamua atasikiliza, na sisi tusikilize naye.

Akawasha. Kwanza ilikuja sauti ya Shangazi, sauti nisiyoweza kuifananisha na yule mama wa mwavuli: nyembamba, inapanda, inarudia neno moja, jiko, jiko, jiko. Kisha miayo mitatu, inasikika wazi. Shangazi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndiyo hiyo. Kisha ikaja kengele. Kisha sauti ya Miayo.

"Mama, gari limeshatoka. Usirudi jikoni. Mlango wa mbele uko upande wa moshi, nenda wa nyuma."

"Haufunguki. Haufunguki huu."

"Unagoma juu. Usiusukume juu. Piga chini kwa mguu, kwenye ubao ulioongezwa. Hapo hapo. Tena."

Kikasikika kishindo, kisha kuku, kisha Shangazi akikohoa nje kwenye hewa.

"Kaa kwenye kiti cha baba," ikasema sauti ya Miayo. "Usikate simu. Niko hapa."

Mkuu akazima. Alikuwa amekunja uso, anasoma fomu.

"Hukumuuliza anwani," akamwambia Miayo. "Kengele imelia bila anwani. Ulijuaje?"

"Niliijua sauti, Mkuu."

Shangazi alikuwa anatazama kile chombo. Mikono yake ilikuwa imeuachia mkoba.

"Hayo ya mlango siyakumbuki," akasema taratibu. "Wala kiti. Nakumbuka moto, nakumbuka mwayo, halafu nakumbuka niko uani. Katikati hakuna kitu. Nilidhani nilitoka mwenyewe." Akamgeukia Miayo kwa mara ya kwanza. "Ubao ule nani aliuongeza?"

"Mimi na wewe, shangazi. Nilikuwa kidato cha pili. Ulishika msumari, nikakugonga kidole."

Shangazi akakitazama kidole gumba chake, kana kwamba nacho kilikuwa kimemficha.

"Na siku ya mama yako," akasema.

Miayo akafungua mdomo kujibu na mwayo ukatangulia. Safari hii Shangazi hakugeuka. Alisubiri uishe, kama unavyosubiri mtu amalize kukohoa.

"Niliogopa, shangazi," Miayo akasema. "Niliogopa kuliko siku zote. Mama ndiye alikuwa anawaeleza watu kwamba huyu mtoto yuko hivi. Akafukiwa, na hakubaki wa kunieleza."

Mimi huwa silii, nimeshasema huwa nakasirika, lakini siku hiyo hasira ilinitoka machoni. Dereva alikuwa ameshaondoka. Shangazi akainuka na kunyoosha mkono juu ya meza ya Mkuu.

"Naomba barua yangu."

"Mama, imeshasajiliwa," Mkuu akasema.

"Basi sajili kwamba imeondoka."

Akaikunja mara nne na kuitia kwenye mkoba. Alipofika kwa Miayo alisimama, akamshika shavu kwa kiganja kizima, akamwambia, "Umekonda," na akatoka. Mwavuli aliusahau. Ulikaa kwenye kona ya Mkuu wiki nzima.

Miayo alithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Mkuu aliibandua ile karatasi ya uongozi bora na kuweka nyingine, imepigwa muhuri, kwa lugha yake ile ile: kwamba mtumishi wa meza ya pili, apigapo mwayo usio wa kikazi, anaagizwa kuinua mkono wa kushoto au wa kulia. Wageni wakija kituoni huisoma mara mbili, na sisi hatuwaelezi.

Jumapili moja Shangazi akatuita kwake kula, mimi, Dereva na Miayo, kwa sababu jiko limepakwa rangi na anataka lionekane. Mwavuli wake tukampelekea. Tulikula mpaka tukashindwa kujisogeza. Baada ya chakula tulikaa uani, Miayo kwenye kile kiti cha baba, na Shangazi akaanza kutusimulia habari za fundi rangi, habari ndefu, yenye ndoo tatu za rangi isiyo yenyewe na ngazi iliyokopwa. Alikuwa amefika kwenye ngazi Miayo alipopiga mwayo, ule mkubwa, wa machozi.

Shangazi akakatisha neno katikati. Mimi nilihisi hasira inanipanda, na nikajua ni nini hasa kinachopanda. Dereva alikuwa ameshainama chini ya meza anatafuta viatu vyake.

Miayo hakufumbua macho. Akainua mkono.

Shangazi akaingia ndani, akatoka na mto, akauingiza taratibu chini ya kichwa chake. Kisha akaketi na kuendelea na habari ya fundi rangi, kwa sauti ya chini.